Chochote cha Madini

Karatasi waliyonipa hospitalini hapa Valdivia
ina mambo kumi na moja, na nesi ameipigia mstari namba sita
kwa kalamu ya kijani:
Usije na chochote cha madini mwilini.

Mengine nimeyamaliza. Nyama ya kukaanga sijaigusa tangu Jumapili.
Rangi ya kucha nimeifuta. Nimeoga kwa sabuni yao
inayonukia kama korido ya shule.
Meno ya bandia nitayavua mlangoni; nimekwisha kubali
kuzeeka ghafla mbele ya vijana waliovaa barakoa.

Nyongo yangu ina vijiwe saba. Nimeviona pichani,
vimelala kama choroko chini ya sufuria.
Daktari Oyarzún akasema, "Matundu manne tu, mama,
madogo kama vifungo vya shati."
Nikamwambia basi majirani watafurahi,
Eduvigis hatimaye mtu asiye na nyongo.
Hakucheka. Aliandika kitu.

Lakini namba sita.

Pete hii iliingia mwaka wa themanini na nne,
Hernán akiwa ndani ya koti la kuazima,
na haijatoka tangu hapo:
si siku Hernán alipoteleza kwenye ngazi za kiwanda cha bia,
si siku Nibaldo alipohamia, miaka tisa baadaye,
na masanduku mawili na paka mwenye jicho moja.
Nibaldo hajawahi kuniuliza.
Niliwahi kumfuma akiitazama, tunakunja shuka,
naye akahamisha macho kwenye pindo.

Jioni hii nimejaribu sabuni, nimejaribu mafuta ya alizeti,
nimeinua mkono juu dakika kumi
kama mwanafunzi ajuaye jibu na mwalimu hamwoni.
Kidole kimezidi kuvimba.
Dada yangu Rosalba kwenye simu: "Nenda kwa wazima moto,
wana kimsumeno, wanaikata bure."
Nikakata simu.

Mvua ya huku hainyeshi, inahamia,
na leo imehamia na vyombo vyake vyote.
Jiko la kuni linanguruma chinichini.
Nibaldo alikunywa supu yake amesimama, amenipa mgongo,
ili nisikione kijiko.

Kisha akanawa, akaja na uzi wa kusafishia meno.
"Miaka thelathini nimeshona viti vya watu," akasema,
"uzi hunisikia."
Akaipenyeza ncha chini ya pete kwa kibanio changu cha nywele,
akakizungushia kidole, mzingo juu ya mzingo, akikaza,
hadi kifundo kikawa cheupe kama mshumaa.
"Inauma?"
"Inauma."
"Niache?"
Kule sokoni, ukingoni mwa mto, simba-bahari walikuwa wakigombea vichwa vya samaki
kwa sauti za watu wanaotapika.
"Vuta," nikasema.

Akaanza kuufungua kutoka chini,
pete ikapanda nao, kidogo, kidogo tena,
ikafika kwenye kifundo, ikasita
kama mtu aliyesahau kitu ndani,
ikavuka.

Iliangukia kiganjani mwake, si mwangu.
Akaipangusa kwa shati. Herufi za ndani hakuzisoma,
au alizisoma upesi sana.
"Nzito kuliko nilivyodhani," akasema,
akaichomeka kwenye kishikizo cha funguo za nyumba,
kati ya ufunguo wa lango na ule wa banda la kuni.

Saa saba usiku. Maji naruhusiwa hadi saa kumi,
nami sina kiu; kiu itakuja watakaponikataza.
Kidoleni pamebaki mfereji mwembamba,
ngozi ambayo haijaona jua miaka yote hiyo.
Kidole gumba kinakwenda pale, kinarudi, kinakwenda.

Namba kumi na moja haikupigiwa mstari:
Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani.
Huko gizani upande wake wa kitanda
anapapasa mfuko wa suruali iliyoning'inia kitini,
mara ya tatu sasa,
na funguo zinalia.